Je, mjamzito anaweza kuacha sigara kwa kutumia sigara ya kielektroniki? Hali ilivyo Busia na Tororo

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Anayetoka upande wa Kenya kwenda upande wa Uganda hupitia kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni tarehe 24 Februari 2018. Kwa wachuuzi, waendesha bodaboda na kina mama wanaovuka kila siku kwenda sokoni au zahanati, safari hiyo huhesabiwa kwa dakika. Katika dakika hizo hizo sheria ya tumbaku hubadilika. Kifaa cha kuvuta mvuke wa nikotini, ambacho upande wa Kenya ni bidhaa ya dukani inayotozwa ushuru, upande wa Uganda ni bidhaa iliyopigwa marufuku. Hali ni hiyo hiyo kaskazini kidogo, pale Malaba, ambako malori huingia wilaya ya Tororo yakielekea Kampala.

Kwa mwanamke anayevuta sigara na ambaye amekwisha kujua kwamba ana mimba, jambo hili si la mawakili peke yao. Huenda ana dada au binamu anayeishi Uingereza, aliyeambiwa na mkunga wake kwamba sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana huiita vepu, inaweza kumsaidia kuachana na sigara ya kawaida. Ushauri huo husafiri haraka kwa simu. Swali ni kama unabaki kuwa ushauri mzuri ukishafika Busia.

Moshi humfanyaje mtoto aliye tumboni

Sigara inapowaka hutoa maelfu ya kemikali, lakini kwa mjamzito kuna mbili zinazostahili kutajwa kwanza. Moja ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu na kuchukua nafasi ya hewa ya oksijeni. Damu inayofika kwenye kondo la nyuma huwa imepungukiwa na kile ambacho mtoto anakihitaji zaidi. Ya pili ni nikotini, ambayo hubana mishipa ya damu, hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Majaribio yaliyofanywa kwa wanyama yanaonyesha kwamba nikotini inaweza kuathiri ukuaji wa ubongo na mapafu.

Matokeo ya uvutaji sigara wakati wa ujauzito yanajulikana vyema: mtoto kuzaliwa na uzito pungufu, kuzaliwa njiti, kondo la nyuma kukaa vibaya au kubanduka kabla ya wakati, kuzaa mtoto mfu, na kifo cha ghafla cha mtoto mchanga usingizini. Uzito pungufu, kwa kipimo cha kitabibu, ni chini ya gramu 2,500. Katika hospitali yenye vifaa vyote, mtoto wa uzito huo hupata uangalizi wa saa zote. Katika kituo cha afya cha kijijini, tofauti ya gramu mia mbili au tatu inaweza kuamua kama mtoto atarudi nyumbani siku ya pili au atapelekwa hospitali ya mbali, kama gari litapatikana.

Sigara ya kielektroniki haichomi tumbaku. Betri hupasha moto kimiminika chenye nikotini, ladha, propilini glikoli na gliserini, na mtumiaji huvuta mvuke wake. Kwa kuwa hakuna kinachoungua, kaboni monoksidi karibu haipo, na kemikali nyingi za sumu hupatikana kwa kiwango cha chini sana kuliko katika moshi. Nikotini, hata hivyo, inabaki pale pale, na mvuke wenyewe si hewa safi: unaweza kubeba chembechembe za metali kutoka kwenye waya unaopashwa moto, na ladha ambazo usalama wake mapafuni haujathibitishwa.

Kwa sababu hiyo jibu la swali hili hutegemea kitu kinacholinganishwa. Mvuke ukilinganishwa na moshi wa sigara, madhara ni madogo. Ukilinganishwa na kutovuta chochote, hauna faida yoyote kwa mama wala kwa mtoto. Mwanamke ambaye hakuwahi kuvuta sigara hana sababu ya kugusa kifaa hicho, na matangazo yanayokipamba kwa ladha za matunda hayamhusu.

Utafiti ambao ushauri wa Uingereza unauegemea

Jaribio kubwa zaidi linalotajwa kuhusu suala hili liliongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Medicine. Wajawazito 1,140 wanaovuta sigara waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipewa sigara za kielektroniki, nusu wakapewa plasta za nikotini zinazobandikwa kwenye ngozi. Wote walipata pia ushauri wa kuacha.

Mwishoni mwa ujauzito, waliothibitishwa kwa vipimo vya mate kuwa wameacha kabisa walikuwa asilimia 6.8 katika kundi la sigara za kielektroniki na asilimia 4.4 katika kundi la plasta. Tofauti hiyo peke yake haikutosha kitakwimu kuondoa uwezekano kwamba ilitokea kwa bahati. Lakini baadhi ya wanawake waliopewa plasta walikuwa wamejinunulia vifaa vya mvuke, na walioacha kwa kutumia kifaa cha kundi lisilo lao walipoondolewa kwenye hesabu, uwiano ulikuwa asilimia 6.8 kwa 3.6, tofauti iliyo wazi zaidi. Watoto waliozaliwa na uzito pungufu walikuwa asilimia 9.6 kwa waliopewa mvuke na asilimia 14.8 kwa waliopewa plasta. Katika madhara mengine kwa mama na mtoto, makundi hayo mawili hayakutofautiana sana.

Takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa utulivu. Kwa upande mmoja, hazikuonyesha kwamba mvuke uliwadhuru watoto kuliko plasta. Kwa upande mwingine, zinaonyesha kwamba zaidi ya wanawake tisa kati ya kumi hawakufanikiwa kuacha kabisa, hata walipopewa kifaa bure na mshauri wa kuzungumza naye kwa simu. Uraibu wa nikotini ni mgumu, na mimba huuongezea ugumu, kwa sababu mwili wa mjamzito huivunja nikotini haraka kuliko kawaida na hamu hurudi mapema. Hiyo ndiyo sababu mojawapo inayotajwa kueleza kwa nini plasta za kipimo cha kawaida huwasaidia wajawazito kidogo kuliko watu wengine.

Mamlaka za afya hazikubaliani. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza hupendekeza kwanza ushauri na dawa za nikotini zilizoidhinishwa, kama plasta na bazoka, lakini humwambia mjamzito anayetumia mvuke ili asirudie sigara kwamba hilo ni bora kuliko kuendelea kuvuta. Nchini Marekani, jopo la kitaifa la wataalamu wa kinga lilisema mwaka 2021 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza sigara za kielektroniki kwa yeyote, na kwa wajawazito likasema hivyo hivyo kuhusu dawa zote za kuacha sigara. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013 kuhusu tumbaku na ujauzito, liliweka mbele ushauri wa ana kwa ana, na mwezi Desemba 2023 lilizitaka serikali zichukue hatua za haraka dhidi ya sigara za kielektroniki kwa kuwa zinawavuta watoto na vijana wasiovuta.

Sheria mbili, mpaka mmoja

Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2015, na ikaanza kutumika Mei 2016. Ni miongoni mwa sheria kali zaidi katika ukanda huu. Inakataza kuuza tumbaku kwa aliye chini ya umri wa miaka 21, na inakataza kabisa kuingiza nchini, kutengeneza, kusambaza na kuuza sigara za kielektroniki, tumbaku ya shisha, tumbaku isiyo ya moshi na tumbaku iliyotiwa ladha. Kampuni ya British American Tobacco Uganda iliipinga mbele ya Mahakama ya Katiba, na Mei 2019 ikashindwa.

Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2007, kabla vifaa hivi havijajulikana katika maduka ya Afrika Mashariki. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya tumbaku ya kawaida, na umri iliouweka ni miaka 18. Sigara za kielektroniki zilipofika, aliyezitambua kwanza kwa jina alikuwa mtoza ushuru: Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 ilizitaja waziwazi na kuzitoza. Mwaka 2024 Seneti ya Kenya ilipelekewa mswada wa kuirekebisha sheria ya tumbaku ili bidhaa mpya za nikotini ziwe chini ya masharti yake.

Maana yake kwa mjamzito wa Busia ni kwamba ushauri uliotolewa London hauna pa kukaa upande wa Uganda. Hakuna duka halali la kununua kifaa hicho, na anayevuka nacho kutoka Kenya anakutana na katazo la kuingiza bidhaa hiyo nchini. Kinachouzwa kwa siri hakina mkaguzi: mnunuzi hawezi kujua kiasi cha nikotini kilichomo wala kama lebo inasema kweli. Washiriki wa jaribio la Uingereza walitumia kifaa kinachojulikana, kimiminika kinachojulikana na kipimo kilichoandikwa. Matokeo yao hayawezi kuhamishiwa kwenye kichupa kilichonunuliwa gizani.

Upande wa Kenya kifaa kinapatikana, lakini kupatikana dukani si sawa na kuwa tiba. Hakuna mkunga anayekitoa kliniki, na anayekinunua hubaki peke yake na uamuzi wake. Hatari kubwa hapo ni kutumia vyote viwili, mvuke mchana kazini na sigara jioni nyumbani, jambo ambalo humwacha mtoto na kaboni monoksidi ile ile na huenda nikotini zaidi.

Wanawake wa mpakani wanaotumia tumbaku bila moshi

Hadi hapa mazungumzo yamekuwa ya sigara. Lakini anayetaka kusema ukweli kuhusu wanawake na tumbaku katika eneo hili lazima ageukie kwingine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wazima nchini Kenya uligundua kwamba wanaume wanaovuta walikuwa asilimia 15.1, na wanawake asilimia 0.8 tu. Kwa tumbaku isiyo ya moshi, yaani ugoro na tumbaku ya kutafuna, mambo yalikuwa tofauti kabisa: wanaume asilimia 5.3, wanawake asilimia 3.8. Kwa maneno mengine, kwa kila mwanamke mmoja anayevuta, kuna zaidi ya wanne wanaonusa au kuweka tumbaku mdomoni. Uganda, uchunguzi wa namna hiyo wa mwaka 2013 ulikuta asilimia 4.6 ya wanawake wanatumia tumbaku ya aina moja au nyingine.

Ugoro hauna moshi, na kwa hiyo wengi huuona kama jambo dogo, la mabibi na la kutuliza kichwa. Nchini Sweden, ambako tumbaku ya mdomoni ni ya kawaida na kumbukumbu za uzazi hutunzwa vizuri, watafiti wamekuta kwamba wajawazito wanaoitumia hupata zaidi watoto njiti na watoto wanaozaliwa wamekufa. Nikotini huingia kwenye damu ikitokea puani au kwenye fizi kama inavyoingia ikitokea mapafuni.

Hapa ndipo swali la kliniki linapokosea. Mkunga akimuuliza mjamzito, "Unavuta sigara?", mwanamke anayenusa ugoro atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli. Zaidi ya hayo, katika jamii za Wateso, Wasamia, Wajopadhola na Waluo, kama kwingineko, mwanamke kijana anayevuta hutazamwa vibaya, na aibu hiyo humfanya afiche. Swali lenye manufaa ni pana zaidi na la upole zaidi: je, mama, kuna tumbaku ya aina yoyote unayotumia, ya kuvuta, kunusa au kutafuna, na nyumbani kuna anayevuta? Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito aulizwe kuhusu matumizi yake na kuhusu moshi wa wengine mapema kadiri iwezekanavyo na katika kila ziara.

Moshi wa wengine unastahili uzito wake. Mume anayevuta chumbani anamvutisha mkewe na mtoto aliye tumboni. Na jikoni kuna kuni, ambazo nazo hutoa kaboni monoksidi ile ile. Mjamzito anayepikia ndani ya nyumba isiyo na dirisha hupata sehemu ya madhara ya sigara ambayo hajawahi kuiwasha.

Jani bichi la tumbaku

Kuna njia nyingine ya nikotini ambayo hata wanaoshughulika na afya ya uzazi huisahau. Sehemu za Teso katika kaunti ya Busia, pamoja na eneo la Malakisi katika kaunti jirani ya Bungoma, zimelima tumbaku kwa mkataba na makampuni kwa muda mrefu. Wanawake huchuma majani, huyafunga kwenye vijiti na kuyapanga kwenye mabanda ya kukaushia. Jani likiwa na umande au mvua, nikotini huyeyuka ndani ya maji hayo na kupenya kwenye ngozi ya mikono. Mchumaji hupata kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kuumwa kichwa, hali ambayo madaktari huiita ugonjwa wa tumbaku mbichi.

Dalili hizo ni zile zile za miezi ya kwanza ya mimba. Mwanamke anayetapika shambani atadhani ni mimba inayomsumbua, naye mkunga atadhani hivyo pia, kama hakuuliza kazi yake. Hakuna plasta wala mvuke unaohusika hapa. Kinachohitajika ni mtu mwingine kuchuma msimu huo, au angalau kungoja majani yakauke, kuvaa glavu na nguo ya mikono mirefu, na kunawa kwa sabuni mara baada ya kazi. Kwa familia ambayo mkopo wa mbegu na mbolea umekwisha kuandikwa kwenye daftari la kampuni, hilo ni rahisi kusema kuliko kutenda.

Afya ya wajawazito wa eneo hili, kwa hakika, imechunguzwa sana, lakini kwa sababu nyingine. Utafiti wa dawa za kuzuia malaria kwa wajawazito 300 wa Tororo ulichapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine mwaka 2016, na mwingine wa wanawake 782 wa Busia, Uganda, ukatoka katika jarida la Lancet mwaka 2019. Malaria hujificha kwenye kondo la nyuma na kupunguza uzito wa mtoto. Mjamzito wa Busia anayetumia tumbaku, basi, anampunguzia mtoto uzito mahali ambapo mbu tayari anaupunguza. Hiyo ni sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito zaidi kuliko idadi ndogo ya wavutaji inavyodokeza.

Anayetaka kuacha afanye nini

Wakati mzuri ni kabla ya mimba, na unaofuata ni leo. Kuacha katika mwezi wowote wa ujauzito humsaidia mtoto, ingawa kuacha mapema husaidia zaidi. Kupunguza si sawa na kuacha, kwa kuwa anayepunguza idadi ya sigara mara nyingi huvuta kila moja kwa nguvu zaidi. Hasira, kukosa usingizi na hamu kali huwa vikali katika wiki ya kwanza na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki tatu au nne. Kujua hilo mapema humsaidia mtu kuvumilia, na huwasaidia pia wanaoishi naye.

Mahali pa kuanzia ni kliniki ya wajawazito, iwe Busia, Masafu au Tororo, kwa kuwa ushauri wa ana kwa ana ndio ambao mashirika yote yaliyotajwa yanakubaliana juu yake. Nchini Kenya, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, NACADA, ina simu ya bure ya ushauri, namba 1192. Plasta au bazoka za nikotini, pale zinapopatikana, zitumiwe kwa maelekezo ya daktari au mfamasia na si kwa kukisia. Anayeishi Uingereza atapimwa kaboni monoksidi na mkunga kwa kupuliza kwenye kifaa kidogo, na ataelekezwa kwenye huduma ya kuacha. Ndiye ambaye ushauri kuhusu mvuke uliandikwa kwa ajili yake, na anayempigia simu ndugu wa Busia afadhali amweleze hivyo.

Mwanamke wa upande wa Kenya ambaye ameshindwa kwa njia nyingine na tayari anatumia mvuke badala ya sigara asiurudie moshi kwa hofu. Amweleze mkunga waziwazi, aache sigara kabisa, kisha apange jinsi ya kuuacha mvuke nao. Vichupa vya kimiminika viwekwe mbali na watoto, kwani kiasi kidogo kikimezwa ni sumu.

Wengi wanaofaulu kuacha wakati wa ujauzito hurudia baada ya kujifungua, usiku wa kukesha na mtoto unapoanza na mkunga hayupo tena wa kuuliza. Kenya na Uganda zote mbili huwaita kina mama warudi kituoni kwa chanjo mtoto afikapo wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne. Katika ziara hizo mtoto hupimwa uzito na kadi yake hujazwa, na swali la tumbaku linaweza kuulizwa tena, kwa mama na kwa aliyemsindikiza.